Kilichofichwa Ndicho Kilichohitaji Kibali

Wiki niliyostaafu, vijana wa idara yangu waliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka mambo ya kuwatia moyo. Sina mengi ya namna hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuzuia vitu visitoke, na mtu wa kuzuia hasifiwi: lisipotokea lolote wanauliza ana faida gani, likitokea wanauliza alikuwa wapi.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilisoma sheria Dar es Salaam, nikaja Brussels kuongeza masomo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kurudi nyumbani nikawa nakuahirisha mpaka jambo lenyewe likazoeleka. Nilipanga chumba mtaa wa Etterbeek, juu ya fundi viatu, nikapata kazi katika kampuni ya programu za kompyuta ambayo ningeweza kuifikia kwa miguu. Kampuni iliuzia hospitali na benki programu za kuficha taarifa. Unaandika jina la mgonjwa, programu inaligeuza kuwa vurugu ya herufi, na asiye na ufunguo haambulii kitu. Vitabuni wanaita usimbaji fiche. Sisi ofisini tulisema kufunga na kufungua, na hapa nitasema hivyo hivyo.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Bwana Lambrecht, Mbelgiji mwembamba aliyetumia nusu ya maisha yake kukagua mashine za viwandani kabla ya kuhamishiwa kwenye programu. Hakunikaribisha sana. Alinipa diski, akauliza kama inaweza kwenda Tunis kwa mteja. Nikasema ni diski tu, kuna ubaya gani. Akaichukua, akairudisha kwenye droo na kufunga droo kwa ufunguo, kisha akaanza kunifundisha.

Alinieleza kwamba Ulaya ina orodha ndefu ya vitu vinavyofaa raia na vinavyofaa vita pia. Humo mna pampu, mna vioo maalumu, mna mashine za kuchonga chuma, na mna programu za kufunga maandishi kwa nguvu. Ukitaka kuvitoa nje ya Ulaya unaomba kibali, na kabla ya kibali unajibu maswali: ni kitu gani, kinaenda wapi, atakishika nani na kwa kazi gani. Kwa programu haijalishi umeibeba mfukoni au umeituma kwa barua pepe. Kutuma ni kusafirisha. Baadaye mhandisi wetu mmoja alimtumia mwenzake aliyeko Casablanca kipande cha msimbo wa programu, nikaenda kumwambia ameshasafirisha nje bila kibali. Alikitazama kiti alichokalia, maana hakuwa ameinuka tangu asubuhi.

Chombo kikuu cha Bwana Lambrecht kilikuwa rula. Alisoma orodha ile akiwa ameweka rula chini ya mstari, hata mistari aliyoisoma mara nyingi kuliko sala. Nilipojibu swali kwa kichwa alinikatiza. Alisema kichwa changu kina orodha ya mwaka jana, na faini inatolewa kwa orodha ya mwaka huu. Nilimwona mzee wa visirani. Baada ya miezi michache nilinunua rula yangu.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia mlango mmoja ambao sheria imeuacha wazi. Programu iliyowekwa hadharani, yeyote aichukue na ampe yeyote, haiombi kibali, hata ikiwa na nguvu kiasi gani. Mwanzoni sikuelewa. Kufuli lile lile, nikimtumia mteja mmoja kwa siri ni kosa, nikiwapa walimwengu wote ni halali? Akasema ndiyo. Kwa ubishi wangu nikamwambia sheria hiyo imeandikwa na mlevi. Akasema hapana, imeandikwa na watu waliojua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ila akanionya kwamba hadharani maana yake ni hadharani kweli, leo na kesho. Mtu akiufunga ule ukurasa, mlango nao umefungwa.

Basi nikawa mwangalizi wa programu huria pale kazini. Wahandisi wetu walikuwa wakitoa baadhi ya kazi zao bure kwa umma, chini ya jina la kampuni, na mimi ndiye niliyetia saini kwamba hazihitaji kibali. Kwa zile zilizohifadhiwa kwenye seva za Marekani, nilitakiwa pia kupeleka barua pepe kwa ofisi mbili za serikali ya huko, kuwaambia msimbo uko wapi. Nilipeleka nyingi. Sikujibiwa hata moja. Nilikuwa namalizia kila barua kwa salamu nzuri, kwa vile sisi tumelelewa, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kuzisoma salamu zile.

Bwana Lambrecht alistaafu, nikabaki na droo yake. Muda si mrefu akaja Espérance.

Espérance ni wa Bukavu, Kongo, alifika Ubelgiji akiwa mkimbizi msichana, akasomea kompyuta huku akifanya usafi maofisini. Mhandisi hodari, tena mcheshi. Aliniita maman Agnès, ingawa hatukupishana sana kwa umri, na Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema nazungumza kama redio. Nami cha kwake nilikiona kama nguo iliyoshonwa kwa vitambaa vitatu, lakini inavaliwa na kupendeza.

Alikuwa na dada yake mdogo kule nyumbani, Furaha, muuguzi. Furaha na wenzake walikuwa wakiandika ushahidi wa wanawake waliofanyiwa ukatili na watu wenye silaha: majina yao, vijiji vyao, na majina ya waliowatenda. Siku moja ofisi yao ilivunjwa. Pesa hazikuguswa, kilichoondoka ni kompyuta, na kompyuta haikuwa imefungwa kwa programu yoyote. Haukupita muda, baadhi ya wanawake wale wakafuatwa makwao, ikabidi wakimbie na watoto. Hakuna aliyedhani ni bahati mbaya.

Ndipo Espérance akatengeneza kufuli dogo, lenye maelezo ya Kiswahili cha kwao, ili Furaha na wenzake walitumie bila kumwita fundi. Kampuni ilikubali liwekwe hadharani chini ya jina la kampuni. Nikasoma, nikapitisha rula, nikasema halihitaji kibali. Kilichobaki ni kulifikisha, maana mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja. Kwa Wakongo wa Brussels, kitu cha maana hakipelekwi posta. Kinakwenda kwa mkono wa msafiri. Ukisikia mtu anaenda Bukavu au Lubumbashi, unampelekea mzigo wako, naye ana haki ya kufungua, kuuliza, na kukataa. Safari hiyo msafiri alikuwa Papa Bahati, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Anderlecht na mzee wa kanisa lao. Alipouliza anabeba nini, Espérance akamweleza yote kwa uaminifu, hata kwamba kufuli lenyewe liko mtandaoni na kila mtu anaweza kusoma jinsi lilivyotengenezwa.

Mzee akashtuka. Siri ya watu wa Mungu, nanyi mnaonyesha majambazi namna kufuli lilivyoundwa? Akamwagiza auondoe ule ukurasa kwanza, na abadilishe mambo fulani ndani ya programu ili itakayokwenda isifanane na iliyoonekana. Espérance alijua kiufundi kwamba hakuna haja. Lakini mkubwa amesema, na aliyeko hatarini ni mdogo wake. Akaondoa, akabadilisha, akainakili kwenye flashi, akazitia kwenye bahasha na kumpelekea mzee.

Nilikuja kugundua kwa sababu ya mazoea tu. Nilikuwa na tabia ya kupitia kurasa nilizozitilia saini, kuona kama bado zipo. Wa Espérance haupo. Nikamwita, akanieleza, nami nikatafuta namna ya kulisema bila kumtia kiwewe. Hapakuwa na namna nzuri. Kwa kulificha walikuwa wamelitoa kwenye mlango ule ulio wazi. Sasa lilikuwa programu ya siri, mpya, inayotoka nje ya Ulaya chini ya jina la kampuni yetu, kwenda mahali ambapo kila ombi linaangaliwa mara mbili. Lilihitaji kibali.

Espérance akasema basi tuombe kibali. Nikamwonyesha fomu. Ilitaka jina la mtumiaji wa mwisho, anwani yake, na kazi atakayoifanyia programu. Ingepita meza nyingi, na huenda mojawapo ingeuliza upande wa pili kama mtu huyo anajulikana. Tungekuwa tumewaandikia wenyewe: Furaha fulani, mtaa fulani, anatunza majina ya mashahidi. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Niliumia kumtazama, lakini saini ilikuwa yangu na sikuwa na nia ya kuitoa.

Dawa ilikuwa rahisi kwenye karatasi: kurudisha ukurasa hadharani, pamoja na yale mabadiliko, na msafiri abebe kile ambacho kila mtu anaweza kukiona. Ila msafiri lazima akubali. Tukakutana naye kwenye mkahawa wa karibu na Porte de Namur, yeye akiwa na bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti na koti limefungwa vifungo vyote. Aliniuliza habari za nyumbani, za Tanzania, za afya. Tulipofika kwenye jambo lenyewe akaniachia niseme mpaka nikamaliza. Nilimweleza kwamba kufuli linaweza kujulikana na kila mtu, kinachofichwa ni ufunguo. Mafundi wengi wakilichunguza ndipo makosa yanapoonekana. Nikaongeza kwamba kwetu husema mficha uchi hazai.

"Bon, maman, nimesikia," akasema. "Lakini ule mwenye anabeba njo anajibu. Na bezi ya kwetu habashugulikake na kufuli. Banashika mwenye ufunguo."

Nilikuwa nimekuja kumtoa mzee wa watu ushamba, kumbe mwenzangu alishafika mbali: wezi wa kwao hawahangaiki na kufuli, wanamkamata aliye na ufunguo. Kumbe alipoagiza ifichwe, hofu yake hasa ilikuwa mtu na si programu. Na kwa hilo sheria yangu haikuwa na jibu, wala rula haikuwa na mstari.

Espérance ndiye aliyejibu, polepole, akichora kwenye karatasi ya kufutia mikono. Kulikuwa na namna ya kutengeneza funguo mbili. Mmoja unafunga tu, mwingine unafungua tu. Wa kufunga ukae Bukavu. Wa kufungua ubaki Ubelgiji, na majalada yaliyofungwa yawe yanaletwa kwa wasafiri, mawakili wa huku wanaoandaa kesi za wanawake wale wayasome. Furaha akishafunga, hata yeye hawezi kusoma tena alichoandika.

Mzee akatafakari. Akakubali kubeba, kwa sharti kwamba ufunguo wa kufungua asipewe Espérance. Mdogo wake akilia kwenye simu, akasema, huyu ataufungua mkono. Kisha akanielekea mimi. "Uchunge weye, maman. Uko mugeni, hauna muntu kule."

Nilikataa. Nikasema mimi ni mtu wa vibali, sichanganyi kazi na mambo ya watu. Naye hakubishana, akanywa kahawa yake, koti likiwa limefungwa vilevile, na ilikuwa wazi kwamba bila hilo bahasha haitasafiri. Nikakubali. Ufunguo wenyewe si programu na orodha haikuutaja, niliangalia.

Tulimpigia Furaha pale pale, simu ikiwa mezani kwa sauti ya wote kusikia. Ndiyo mara ya kwanza namsikia, sauti nyepesi, ya mtu mwenye haraka na kazi. Alielewa mara moja. Akaniambia: "Maman Agnès, nikikuomba ile ufunguo, ujue niko mu mikono ya watu. Hata nikilia, usinipatie. Ule mwenye atakuomba atakuwa ni mie, lakini usinipatie." Nikamwahidi. Kumwahidi mtu mzima aliye kwenye simu, mkahawani, na kahawa mbele yako, si jambo gumu.

Ukurasa ukarudi hadharani, nikaupitia mstari kwa mstari, nikapeleka barua pepe zangu Marekani na zile salamu. Papa Bahati akasafiri. Kwenye kiwanja cha ndege hawakumuuliza habari za flashi. Walimnyang'anya chupa ya mayonezi.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kadhaa, nami nikaendelea na kesi zangu nyingine, ambazo zilikuwa za kuchosha kama kesi zinavyopaswa kuwa. Majalada yalikuja Brussels kwa mikono ya wasafiri, nikawafungulia mawakili, nikafunga, sikusoma. Programu ya Espérance ikachukuliwa na watu wa nchi ambazo hatukuzitarajia. Hatukujua ni akina nani, na huo ndio uwazi wenyewe. Huwezi kuchagua nani aone.

Kisha ikaja siku ya simu. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, Espérance yuko meza ya pili akicheka na mwenzake kuhusu jambo fulani. Namba ilikuwa ya Furaha.

Alinisalimu vizuri. Akaomba ufunguo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba namba ya simu. Nyuma yake palikuwa na watu, nilisikia kiti kikiburuzwa. Nikasema sina ruhusa. Mwanamume akachukua simu, mwenye Kiswahili cha adabu kabisa, akaniita mama, akaeleza kuwa ni mambo ya usalama na kwamba wanataka kutazama tu. Nilimjibu kwa sauti ile ile niliyowajibu wateja: maombi huletwa kwa maandishi, na mwombaji hutaja jina lake kamili, anwani yake, na matumizi. Sikuwa nafanya mzaha. Ndiyo sentensi pekee iliyonijia mdomoni, baada ya miaka yote ile ya kuisema.

Akamrudishia Furaha simu. Safari hii sauti ilikuwa nyingine.

"Maman, nipatie. Nakuomba, maman. Nipatie."

"Hapana, mwanangu."

Akalia. Nikasema hapana tena, na simu ikakatwa. Espérance alikuwa ameshasimama, ameshaelewa. Alinitazama namna ambayo sitaki kuiandika, akachukua koti lake akatoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo alinisemesha mambo ya kazi tu, tena kwa Kifaransa. Sikumlaumu. Usiku sikulala, na mchana nilishika rula nikasoma mstari ule ule bila kujua umesema nini. Niliogopa, basi. Sijui kwa nini watu wa umri wangu tunazunguka neno hilo.

Makanisa na hospitali ya kule vilipiga kelele mpaka Furaha akaachiwa. Kompyuta waliyoichukua pamoja naye haikurudi. Lakini majina hayakutoka, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyefuatwa kwa sababu ya kompyuta ile. Hili niliambiwa na mawakili, na baadaye na Papa Bahati, aliyekuja ofisini kwangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akakaa, akaniuliza habari za nyumbani, akaondoka.

Mnaoingia kazini sasa mtaambiwa kwamba kazi hii ni ya karatasi. Ni kweli, na msione haya. Pitieni kurasa mlizotilia saini, maana mtu anaweza kuzificha kwa nia njema kabisa. Kitu kikiwa wazi kwa wote, hakikisheni kimebaki wazi. Na muwaulize wanaobeba wanaogopa nini, kabla hamjawaeleza sheria.

Furaha aliletwa Brussels kutibiwa mkono. Walikuwa wamemvunja vidole vya mkono wa kulia, na madaktari wa huku walijitahidi, lakini havikunjiki tena, wala hawezi tena kushika sindano. Espérance alimleta kwangu Etterbeek siku ya Jumapili, akamwacha mlangoni, akasema atarudi kumchukua. Nilikuwa nimepika wali na nyama ya ng'ombe. Furaha ni mfupi kuliko nilivyodhani. Tulizungumza habari za mvua, na za kanisa, na jinsi Wabelgiji wasivyosalimiana kwenye ngazi.

Kisha akaweka uma mezani.

"Maman," akasema, "ile siku, mu telefone. Ile ya mwisho. Sikukuwa mu mupango yetu tena. Nilikuwa nakuomba ya kweli."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Niliisikia."

Alinitazama kwa muda. Sikuteremsha macho, ingawa nilitaka sana. Halafu akanisukumia sahani yake, nimkatie nyama.